Huyo steringi haruki, anajitwika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Barua hii ni ndefu, najua, na najua mkasi wenu. Kama lazima ukate, kata huku mwanzoni, mwisho uniachie.

Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa vijana ulikuwa na habari ya masteringi, yaani mashujaa, wa filamu za katuni, wale wanaokwenda angani bila ndege. Kichwa cha habari kilisema "nguvu ya kupaa". Nikasoma yote. Mtu yuleyule mmoja aliruka kwenye aya ya pili, akapaa kwenye aya ya nne, akaelea kwenye maneno ya chini ya picha. Huko kwenu mezani huenda lilikuwa jambo dogo. Hapa Majengo, Moshi, gazeti hilo limezua ubishi wa wiki nzima, na mimi jambo hilohilo lilikwisha kunigharimu fedha za hospitali kabla hata hamjaliandika.

Nijieleze. Nina miaka 66. Kwa miaka 27 nilikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, tangu nywele zikiwa nyeusi. Si rubani, si fundi. Mimi ni yule mtu uliyemwona dirishani akilirusha begi lako. (Hatukuwa tunayarusha. Mengine yalikuwa yanatuponyoka.) Nimepandisha mabegi ya wapanda mlima, maboksi ya maua, mbwa, majeneza, na mara moja kinanda. Kwa hiyo vitu vya kwenda juu navifahamu kwa uzito wake, na uzito ndio hasa nitakaousema.

Sasa hiyo habari ya hospitali. Nyumba ya pili kutoka kwangu kuna kibanda umiza. Mabenchi sita, feni moja, kiingilio shilingi 500, na ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki majina ya movi za leo. Movi zenyewe ni zile zilizotafsiriwa, yaani kuna mtu ametia sauti yake juu, anasimulia kila kinachotokea na vingine ambavyo havijatokea. Mjukuu wangu wa miaka saba huwa anachungulia kupitia tundu la bati. Siku hiyo alirudi nyumbani kimya, akachukua kanga ya bibi yake, ile yenye maneno "Usisafirie nyota ya mwenzio", akajifunga shingoni, akapanda juu ya banda la kuku. Banda lina urefu wa kunizidi mimi kidogo. Mimi nilisikia kuku tu.

Nilimkuta amekaa chini, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia, halii.

"Umefanyaje, babu?"

"Nimeruka, babu."

"Umeruka kwenda wapi?"

"Kama steringi. Yule anayetafsiri kasema, mtazame steringi anaruka. Na mimi nikaruka."

Mhariri, mtoto alisema kweli. Aliruka. Alifanya neno kwa neno alichoambiwa, na kifundo cha mkono kikavunjika, na plasta amekaa nayo mpaka leo ninapoandika. Ningemchapa kwa kosa gani? Kosa lilikuwa la kitenzi.

Hebu tazama kazi tunazolibebesha neno hili. Panzi anaruka. Watoto wanaruka kamba. Ukivuka mtaro umeruka. Mwanafunzi mtoro ameruka kipindi. Mwalimu akikasirika anakuambia uruke kichurachura kuzunguka uwanja, na hapo huendi angani hata kidogo. Shahidi wako akikuruka kituo cha polisi, maana yake amekukana mchana kweupe. Halafu neno hilohilo tunamvisha tai, tunalivisha dege la tani mia na kitu. Pale KIA tulikuwa na njia ya kurukia na kutua ndege yenye urefu wa mita zipatazo 3,600, na hakuna aliyewahi kuona kichekesho ndani yake: chombo kinachohitaji kukimbia mwendo wote huo ndipo kiinuke, nacho tunasema "kimeruka", kana kwamba kimevuka dimbwi.

Wiki hiyo nilikuwa na hasira, na hasira zangu huwa nazipeleka kwenye kahawa. Mbele ya kibanda umiza kuna benchi la mzee wa kahawa na kashata, na movi ikiisha vijana humwagika pale. Nikawauliza: yule mtu wenu anafanya nini hasa? Maana mmemvunjia mjukuu wangu mkono.

Mwenye kibanda akasema anaruka, neno linaeleweka, mzee usitafute mchawi. Fundi simu, chalii mmoja aliyehamia hapa kutoka Arusha na ambaye bado anaamini Moshi ni kijiji, akatoa gazeti lako na kusema jibu liko hapa limechapwa: anapaa.

Kupaa tulikumaliza upesi. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa dini wa zamani, alisema Kupaa ni sikukuu, siku 40 baada ya Pasaka, na mwenye kupaa alipaa mara moja hakurudi jioni kula. Mzee wa kahawa, ambaye ni Mwislamu, aliafiki kwa kichwa tu akaendelea kumimina. Mimi nikaongeza kwamba kupaa ni kwenda juu basi. Bei ya sukari imepaa. Huyu wenu akishafika juu anakata kona, anarudi nyuma, anasimama hewani kumtukana adui. Huko nako ni kupaa? Tena mama zetu wanapaa samaki magamba, na zamani moto ukizimika ulikwenda kwa jirani kupaa moto, kuomba kaa moja uwashie jikoni. Sisi Wachaga tunasimulia kwamba Mawenzi alikuwa na tabia hiyo: kila mara moto wake unazimika, kila mara yuko kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, ndiyo maana kile kilele kimechanikachanika hivyo. Asubuhi kukiwa hakuna wingu unawaona wote wawili kutoka hapo kwenye benchi. Nikawaonyesha: yule ndiye aliyekwenda kupaa, mtazameni alivyorudi.

Fundi simu hakukubali kushindwa, akaingia kwenye simu yake, na hapo lazima nimsifu, maana alituletea jambo nisilolijua. Akatusomea kwamba Superman, huyu baba wa masteringi wote wa angani, vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, walipomtoa kwenye gazeti la katuni mwaka 1938, hakuwa na uwezo wa kwenda angani. Alikuwa anaruka tu. Kuruka kwa miguu! Sehemu ya nane ya maili kwa mruko mmoja, yaani kama mita 200, na jengo la ghorofa 20 analivuka. Na maelezo waliyoyatoa wenyewe yalikuwa ya wadudu: mtazame sisimizi anavyobeba kilichomzidi uzito, mtazame panzi anavyokwenda mbali kwa mruko mmoja, basi kwao alikotoka watu wote wako hivyo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1940, walipoanza kumtengenezea katuni za sinema, ndipo wachoraji wakaona mtu mzima kudundadunda kama panzi hakupendezi, wakamwacha aende moja kwa moja.

Benchi zima likanigeukia mimi. Kumbe mjukuu wangu alikuwa mfuasi wa steringi wa mwaka 1938, yule halisi, kabla hawajamharibu.

Na ona hili, Mhariri. Wamarekani siku walipobadilisha ile nguvu ilibidi wabadilishe na neno, maana kwao kuruka kwa panzi na kuruka kwa tai ni maneno mawili. Sisi tungetafsiri kitabu cha kwanza na cha mwisho kwa neno lilelile na msomaji asingejua kwamba kuna kitu kimetokea katikati. Anaruka mwaka 1938, anaruka mwaka 1950. Sijui nijivunie au nisikitike.

Baadaye, fundi simu akaendelea, wakaongeza maelezo: dunia ya kwao ilikuwa na mvutano mkubwa kuliko wa kwetu, kwa hiyo hapa kwetu yeye ni mwepesi, na baadaye tena wakasema ni jua letu la njano linalompa nguvu. Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini. Mvutano nauelewa. Mtu aliyezoea kubeba gunia la kilo 100 ukimpa la kilo 20 atalirusha juu. Sawa. Hiyo inaeleza kuruka. Haielezi kona! Ukishaondoka chini huna cha kukanyaga, utakwenda ulikoelekea na utashukia panapokungoja. Muulizeni mjukuu wangu kama aliweza kukata kona.

Kuna siku nikiwa kazini helikopta ya uokoaji ilishuka karibu yetu, imemleta mpanda mlima aliyezidiwa. Kofia zilitutoka. Vumbi, majani, karatasi za mizigo, kila kitu kiliondoka, na tulikuwa mbali. Hapo nilielewa kitu ambacho sikuwa nimekifahamu darasani: chombo hakisimami hewani bure. Kinaisukuma hewa chini, hewa inakisukuma chenyewe juu. Kilichopanda kimelipwa na kilichoshuka. Sasa nendeni kwenye movi yenu mkatazame pale steringi anaposimama hewani juu ya mtaa, mita tatu kutoka kwenye vichwa vya watu. Nywele za dada aliye chini yake hazitikisiki. Genge la nyanya halijapinduka. Angekuwa anaisukuma hewa kwa uzito wake wote, yule mama wa genge angekuwa wa kwanza kumtukana.

Na mbawa je? Binadamu kwa nguvu zake mwenyewe ameshakwenda angani, hilo nalijua tangu nilipolikuta limeandikwa kwenye jarida lililosahaulika kitini. Tarehe 12 Juni 1979 Mmarekani Bryan Allen alivuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa chombo cha kupiga pedeli, kama baiskeli, zaidi ya kilomita 35, saa mbili na dakika 49. Mbawa za chombo chake kutoka ncha hadi ncha zilikuwa karibu mita 30, na chenyewe kitupu kilikuwa na kilo 32 hivi. Kilo 32! Hiyo ndiyo kilo ya mwisho tuliyoruhusiwa kubeba kwenye begi moja. Likizidi hapo, mwenye nalo analifungua na kuligawa mbele ya foleni nzima. Nilikaa na jarida lile kwenye kontena nikawa naangalia begi moja jekundu na kufikiria: mbawa za mita 30 ndani ya hili. Na bado yule bwana alifika amechoka hoi. Huyo mwenye shuka mgongoni anapata wapi?

"Ungo," akasema mama wa vitumbua.

Alikuwa ng'ambo ya njia na tulidhani hasikilizi. "Si ungo tu huo? Bibi wa kwetu akipita usiku kwa ungo mnasema mchawi, mnachoma nyumba. Mzungu akipita mchana kwa shuka mnamlipia mia tano."

Watu walicheka, lakini ni kicheko kifupi. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno ya namna hiyo, na kila mtu pale benchini alikuwa anajua. Kisha fundi simu akasema angalau ungo ni chombo, una umbo la bawa, na steringi hana hata hicho, kwa hiyo kisayansi bibi ndiye mwenye hoja. Mama wa vitumbua akamwongezea kimoja bure.

Nikarudi nyumbani na huo ungo kichwani. Mke wangu alikuwa uani anapepeta maharage. Nimemwona akifanya hivyo miaka 40 sikuwahi kutazama. Anarusha juu kwa kifundo cha mkono, ungo unayapokea, na katika ule muda mfupi yakiwa hewani upepo unapita na kuchagua: maharage yanarudi palepale, makapi yanakwenda zake upande wa migomba. Yote yameruka. Yote yalikuwa juu kwa urefu uleule. Yaliyorudi ni yenye uzito, na yaliyokwenda ni yale yasiyo na uzito wa kubishana na upepo. Nikamuuliza hayo makapi yanafanya nini. Akanitazama kama mtu aliyeanza kuzeeka vibaya. "Yanapeperuka," akasema, "na wewe umenikalia upepo."

Kesho yake nikalipeleka neno hilo benchini: steringi anapeperuka. Nikashindwa, na aliyenishinda ni mjukuu wa mzee wa kahawa, binti wa kidato cha tano anayesoma PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, ambaye likizo humsaidia babu yake kuosha vikombe na muda uliobaki anachora. Alisema ndiyo, babu, ukimwondolea mtu graviti kabisa atapeperuka, ila mwanzoni hata hutaona. (Sekondari wanafundishwa kwa Kiingereza, ndiyo maana mvutano kwao ni graviti.) Akaeleza kwamba dunia inazunguka, na huku kwetu karibu na ikweta ardhi inatukimbiza kama kilomita 1,670 kwa saa bila sisi kujua. Mvutano ndio unaotushika tusiachwe. Ukiukata, wewe unakwenda moja kwa moja, ardhi inapinda na kukuacha. Akapiga hesabu nyuma ya boksi la majani ya chai: sekunde ya kwanza hujainuka hata sentimita mbili. Sekunde kumi, mita 1.7. Dakika nzima, kama mita 60, na hapo upepo umeshakuchukua kuelekea Himo.

"Kwa hiyo huyo sio steringi, ni puto," akasema. "Steringi anachagua anakokwenda. Mimi nadhani anaangukia. Sisi tunaangukia chini tu. Yeye anaangukia popote anapotaka."

Kimya. Ilikuwa hoja nzito kuliko zote za wiki ile, na mpaka sasa sijaona dosari yake upande wa sayansi. Upande wa Kiswahili ilikufa papo hapo. Mwenye kibanda alisema hawezi kuandika mlangoni kwa chaki "Leo: Steringi Anayeanguka", atafilisika. Wagombea ndio wanaoanguka. Wenye kifafa ndio wanaoanguka. Binti mwenyewe akacheka akafuta vikombe.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na tangu zamani wanaotajiwa methali hiyo huangalia jahazi na kumsifu fundi. Mimi usiku huo niliangalia upande wa pili wa safari. Nilijiuliza steringi anamalizaje. Anatua. Hapo hakuna aliyebisha, si mwenye kibanda, si fundi simu, si gazeti lako: kote mlikoandika aliruka, alipaa, alielea, mwishoni mliandika "akatua". Ndege wa mtini anatua. Ndege ya Amsterdam inatua KIA usiku. Jua linatua. Na mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani kutoka Uru mpaka soko la Mbuyuni, akifika anafanya nini? Anatua. Tunamwambia, karibu mama, tua mzigo.

Neno moja, Mhariri. Miaka 27 nimelitumia kwa kazi zote mbili, ndege imetua twende tukatue mizigo, na sikulisikia. Kwa lugha yetu kila anayefika chini kutoka hewani anatazamwa kama mtu aliyekuwa amebeba kitu. Basi huwezi kutua usichojitwika. Yule mama wa Uru alianza safari yake kwa kujitwika mkungu. Na steringi, ambaye mikono yake mitupu na kichwani hana kitu, alijitwika nini? Alijitwika yeye mwenyewe.

Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndilo jina lake: kujitwika.

Sababu ninazijua kwa mikono. Kijana mpya akiajiriwa kwetu tulikuwa tunamfanyia mchezo. Tunamwambia, wewe una nguvu? Panda juu ya pale mizigo inapopangwa, shika hizo kamba za pembeni, unyanyue. Wapo waliovuta mpaka macho yakatoka. Wanavuta juu na miguu yao hiyohiyo inakandamiza chini, na kadiri mtu anavyokuwa na nguvu ndivyo anavyojishinda mwenyewe. Kila mtu duniani anaweza kumtwika mwenzake, na kila mtu anaweza kujitwika gunia, ila yeye mwenyewe hawezi kujitwika hata kama ni bondia. Sasa akitokea mmoja akaweza, bila mbawa, bila moto miguuni, bila kupiga hewa teke, huyo ndiye anayestahili shilingi 500 zenu. Mwenye mbawa mwacheni aruke. Mwenye moto miguuni ni roketi, anafyatuka. Puto linaelea. Makapi yanapeperuka. Kujitwika ni kwa huyu tu.

Fundi simu alipinga, kama nilivyotarajia. Alisema kujitwika ni neno la ndoo na kuni, neno la kina mama, halina hadhi ya mtu anayepasua mawingu.

"Ndiyo maana nalitaka," akasema yule binti, akaenda ndani akaleta daftari.

Ni daftari la kawaida la mistari, kurasa 96, limechorwa kwa penseli. Steringi wake ni mama muuza ndizi. Hana shuka mgongoni. Alichonacho ni ngata, ile pete ya majani makavu ya mgomba ya kuwekea mzigo kichwani, na bila ngata hawezi kitu. Anayemwokoa anamsikia shingoni, kilo kwa kilo: mtoto ni ndoo ya maji, mtu mzima ni gunia, na watu wawili kwa pamoja hawezi, lazima achague au arudi tena. Katika ukurasa mmoja ameinuka juu ya stendi, na binti amechora mishipa ya shingo imesimama, macho yametulia mbele kama ya mtu yeyote mwenye mzigo, mkono mmoja umeinuliwa kushika kichwani ambapo hakuna kitu. Vidole vya miguu vinaelekea chini, vimejikunja kidogo, kama bado vinatafuta njia. Chini watu wameshika vifua. Wapiga debe pekee ndio hawajaangalia juu. Sehemu ya maneno alikuwa ameiacha tupu tangu mwezi uliopita kwa sababu, alisema, kila neno alilojaribu lilimfanya mama yule aonekane ama chura ama malaika.

Akachukua penseli akaandika pale mbele yetu: "Akajitwika."

Sikuombi upeleke neno hili BAKITA. Najua baraza lipo tangu mwaka 1967 na lina kazi kubwa kuliko masteringi. Ninachoomba ni kidogo. Mwandishi wenu wa ukurasa wa vijana, kabla hajaandika tena nguvu ya kupaa, amuulize kwanza mtu huyo anashikiliwa na nini kule juu, ndipo amchagulie neno. Kama hapendi langu, alete lake, benchi lipo, kahawa ya kwanza nitalipa mimi. Na kwa wale wanaotia sauti kwenye movi, kama mnasoma magazeti: mnaposema "anaruka", kumbukeni kuna jicho kwenye tundu la bati.

Mjukuu wangu nilimsomea daftari lile jioni ileile, nikamweleza neno jipya na maana yake. Alisikiliza vizuri sana. Asubuhi nilimkuta uani amesimama ndani ya ndoo ya bibi yake, ile ya chuma, ameinama, mkono mmoja mzima ameushika mpini anavuta juu, mashavu yamejaa pumzi. Nilimwacha. Ni siku ya tatu leo, anavuta kila akiamka na kila akitoka shule, na ndoo bado iko palepale.

Mpakia mizigo mstaafu,
Majengo, Moshi